Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Revs, Gemu ya Mbio za Magari ya BBC Micro

Kila ninapomkalisha mtu mbele ya Revs, swali la kwanza huwa lile lile: "Mbona gari haliendi?" La pili huja baada ya dakika moja hivi: "Mbona sasa linazunguka kama pia?" Nimeyaweka hapa maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu gemu hii ya zamani. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayana zaidi ya hapo. Yale ya kona na ya kumbukumbu nimeyatolea jasho, maana ndiyo yanayonifanya niendelee kuipenda.

Revs ni nini hasa?

Ni gemu ya mbio za magari ya Fomula 3, daraja la chini ya Fomula 1. Iliandikwa na Mwingereza Geoff Crammond na kutolewa na Acornsoft, tawi la programu la kampuni ya Acorn, katikati ya miaka ya 1980 kwa kompyuta ya BBC Micro. Unakaa ndani ya gari na kuona anachokiona dereva: matairi mawili ya mbele, dashibodi, mshale wa resi ya injini, na vioo viwili vya pembeni ambamo magari ya nyuma yanaonekana yakikukaribia. Mbele yako kuna barabara ya Silverstone. Toleo la kwanza lilikuwa na barabara hiyo moja tu, na walioinunua waliizunguka usiku na mchana bila kunung'unika.

Jina Revs lina maana gani?

Ni mizunguko ya injini kwa dakika, kwa lugha ya mkato ya Kiingereza. Kwetu fundi angesema "piga resi". Jina limeikaa gemu vizuri, kwa sababu shughuli yote ni kujua injini yako inapiga resi kiasi gani sasa hivi, na inahitaji kiasi gani kona inayofuata ikifika.

BBC Micro ilikuwa kompyuta gani?

Ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, ikauzwa kuanzia mwishoni mwa 1981 kama sehemu ya mradi wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha Waingereza kompyuta. Vipindi vya televisheni vilianza Januari 1982, na kompyuta ikaenda sambamba navyo. Ndani yake kulikuwa na chipu ya 6502 inayokwenda kwa megahezi 2, na modeli B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja tu uliyopiga kwa simu leo haiwezi kuingia humo.

Ilikuwa ghali kuliko kompyuta nyingi za nyumbani za wakati huo, kwa hiyo watoto wengi wa Uingereza waliikuta shuleni, wakaicheza mchana wakati mwalimu akidhani wanafanya hesabu. Faida yake ilikuwa ubora: kibodi ya kweli, mwendo wa kasi kuliko wapinzani wengi, na tundu la joystick ya analogi, ile inayojua umeisukuma kidogo au mpaka mwisho. Hilo la mwisho ni muhimu sana kwa gemu ya magari, nitalirudia.

Tena kuna jambo linalowashangaza wengi. Wahandisi hao hao wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, ndio waliobuni chipu ya ARM, ambayo ya kwanza ilifanya kazi mwezi Aprili 1985. Kama unasoma hapa kwa simu, karibu hakika chipu iliyo ndani yake inatokana na ukoo huo.

Geoff Crammond ni nani?

Ni mhandisi aliyejifunza kuandika gemu. Alisomea fizikia na kufanya kazi ya uhandisi wa mifumo kabla ya kuhamia kwenye gemu moja kwa moja. Kabla ya Revs aliandika Aviator, ambayo ilitolewa na Acornsoft mwaka 1983, na humo unarusha ndege ya kivita ya Spitfire. Ukiicheza Aviator utaelewa Revs ilikotoka: ndege ile inaruka kwa hesabu za mbawa na hewa, na gari hili linakwenda kwa hesabu za tairi na lami. Waandishi wengi wa gemu wakati huo walianza na picha, halafu wakatafuta namna ya kuifanya itembee. Crammond alianza na hesabu za mwendo, picha ikawa dirisha la kuchungulia hesabu hizo.

Kwa nini Fomula 3 na si Fomula 1?

Kwa sababu Acorn ilikuwa inamdhamini dereva wa Fomula 3, David Hunt, mdogo wake James Hunt aliyekuwa bingwa wa dunia wa Fomula 1 mwaka 1976. Kampuni ilikuwa na jina lake kwenye gari, dereva alikuwepo, na mwandishi wa gemu alikuwepo. David alimsaidia Crammond kuelewa gari linavyotenda. (Miaka kumi hivi baadaye, mwishoni mwa 1994, ni David huyu huyu aliyeinunua timu ya Lotus ya Fomula 1, ikafungwa wiki chache tu baada ya hapo. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Kwangu mimi ilikuwa bahati kwamba haikuwa Fomula 1. Fomula 1 ya miaka ile ilikuwa na injini za turbo zenye nguvu za kutisha. Fomula 3 ilikuwa na injini ya lita 2 inayotokana na injini za magari ya kawaida, na kanuni ziliilazimisha kuvuta hewa kupitia tundu lenye upana wa milimita 24 tu. Injini ikibanwa pumzi namna hiyo, huwezi kufidia kosa la kona kwa kukanyaga mafuta kwenye barabara iliyonyooka. Mwendo ulioupoteza umeupoteza. Ndiyo maana Fomula 3 ilikuwa shule: mwaka 1983 Ayrton Senna na Martin Brundle walipigania ubingwa wa Uingereza katika daraja hilo mpaka mbio za mwisho, na Senna akautwaa akiendesha Ralt RT3 yenye injini ya Toyota.

Na gari la kwenye gemu ni lipi?

Hilo hilo, Ralt RT3, lenye injini ya Toyota iliyotayarishwa na mafundi wa Novamotor wa Italia. Ralt ilikuwa kampuni ya Ron Tauranac, mbunifu wa magari ya mbio.

Inatofautianaje na Pole Position?

Swali zuri, na huwa linaulizwa na wale waliocheza zote mbili na kudhani Revs ni "Pole Position iliyoharibika".

Pole Position ilitoka Japani kwa Namco mwaka 1982, kwa mashine za kuwekea sarafu. Ni gemu tamu. Lakini barabara yake ni kiini macho: mistari ya picha inasogezwa kushoto na kulia ili uone kama kuna kona. Gari lako kwa kweli linakaa pale pale chini ya kioo, na kona inakuvuta kwenda nje kwa kiasi kilichopangwa.

Kwenye Revs, barabara ipo. Imewekwa ndani ya kumbukumbu kama vipande vyenye mahali pake na mwinuko wake, na gari lako lina mahali pake, mwelekeo wake na mwendo wake. Unaweza kugeuka ukarudi nyuma. Unaweza kutoka kwenye lami ukasimama kwenye majani ukiangalia wenzako wakipita. Ukizunguka, dunia inazunguka mbele ya macho yako kwa kipimo kile kile ulichozunguka. Kwa wakati ule, kwenye kompyuta ya nyumbani, hili halikuwa jambo la kawaida hata kidogo.

Pole Position inakupa raha ndani ya sekunde kumi. Revs inakunyima kwa muda wa saa moja, halafu inakupa raha ya aina nyingine kabisa.

Vitufe ni vipi?

T huwasha injini. S ni mafuta, A ni breki. Q hupandisha gia, TAB hushusha. L hukata kushoto na kitufe cha nukta-mkato kilicho kando yake hukata kulia. Gia ziko tano, pamoja na ya kurudi nyuma, na usiidharau hiyo ya mwisho: siku ya kwanza utaitumia kuliko gia ya tano. Kitufe cha klachi hakuna, kompyuta inakukanyagia.

Gari langu haliondoki. Injini inazima, au kelele nyingi mwendo hakuna.

Umefanya kile ambacho kila mtu hufanya: umekanyaga mafuta mpaka mwisho, kama kwenye gemu nyingine zote. Hapa matairi ya nyuma yana uwezo wa kushika lami kwa kiasi fulani tu. Ukipiga resi kubwa mno wakati gia ya kwanza inaingia, yanazunguka bure na unabaki ukipiga kelele huku wengine wakiondoka. Ukiogopa ukapiga resi ndogo, injini inazima kama gari la mwanafunzi wa udereva siku ya kwanza, na lazima ubonyeze T upya.

Dawa ni kuangalia mshale wa resi, si barabara. Gusa S, achia, gusa tena, mpaka mshale utulie katikati, ndipo uingize gia. Tairi likianza kulia, achia mafuta kidogo. Usipandishe gia ya pili kwa haraka ya kutaka kuonekana una mwendo: injini hii haina nguvu resi ikiwa chini, na ukiipandishia gia mapema inadoda.

Sikiliza pia. Chipu ya sauti ya BBC Micro ina sauti tatu na kelele moja tu, lakini mlio wa injini unapanda na kushuka sawasawa na resi, na baada ya siku chache utabadilisha gia kwa sikio bila hata kutazama dashibodi. Dereva wa daladala haangalii mshale.

Kila kona natoka nje. Nifanye nini?

Punguza mwendo. Najua si jibu unalolitaka.

Fikiria tairi kama mtu mwenye mikono miwili. Anaweza kubeba mzigo wa breki, au mzigo wa kona, au kidogo huku na kidogo kule. Hawezi kubeba yote mawili kwa uzito kamili. Ukifunga breki katikati ya kona, umemwongezea mzigo asiouweza. Kwenye Revs utaliona hilo papo hapo. Ukizidisha mwendo, pua inagoma kuingia kona na gari linakwenda moja kwa moja kwenye majani. Ukikanyaga mafuta mapema wakati bado umekata usukani, mkia unataka kupita mbele, na hapo ndipo gari linapoanza kuzunguka kama pia.

Kwa hiyo: funga breki ukiwa bado umenyooka. Shusha gia. Achia breki kabla ya kukata. Ingia kona kutoka upande wa nje, gusa ukingo wa ndani, kisha liache gari litambae lenyewe kurudi upande wa nje huku ukirudisha mafuta taratibu. Na usukani uguswe kidogo kidogo. Anayetumia kibodi ana shida kubwa hapa, maana kitufe hakijui nusu: ama umekibonyeza ama hujakibonyeza. Ndiyo maana nilitaja joystick ya analogi. Mwenye nayo anakata usukani kwa kipimo anachotaka, na wengi wetu tuliohama kutoka kwenye kibodi tuligundua kwamba hatukuwa madereva wabaya kiasi kile.

Anza na mazoezi, siyo mashindano. Kwenye mazoezi uko peke yako barabarani na hakuna wa kumgonga. Jiwekee lengo dogo, la kumaliza mzunguko mzima matairi yote manne yakiwa kwenye lami. Mimi lilinichukua jioni mbili, na mzunguko wenyewe ulikuwa wa mwendo wa bibi harusi.

Mabawa ya mbele na ya nyuma ni ya nini? Niyaweke vipi?

Kabla ya kuingia barabarani unaulizwa pembe ya bawa la mbele na la nyuma, kuanzia 0 mpaka 40. Namba ikipanda, hewa inalikandamiza gari chini zaidi, linashika barabara vizuri kwenye kona za kasi, lakini hewa hiyo hiyo inalikokota nyuma kwenye sehemu zilizonyooka. Namba ikishuka, unapata mwendo mwisho wa barabara iliyonyooka na unalipa kwenye kona.

La kuangalia ni uwiano. Bawa la mbele likizidi la nyuma, pua inashika na mkia unakuwa mwepesi. Gari linageuka kwa wepesi mpaka linakugeukia wewe. La nyuma likizidi, gari linakuwa tulivu lakini pua inakuwa nzito kuingia kona. Mgeni aegemee upande wa nyuma, avumilie uzito wa pua. Ukishazoea ndipo uanze kupunguza namba moja moja. Badilisha kitu kimoja, zunguka mara tatu, halafu ndipo uhukumu. Ukibadilisha vyote viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikusaidia.

Silverstone ya kwenye gemu ni ile ile ya leo?

Hapana. Ni ya wakati wake. Silverstone ilikuwa uwanja wa ndege wa kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na barabara ya mbio ilitumia njia zilizozunguka uwanja huo. Hapo ndipo mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Fomula 1 zilipofanyika, tarehe 13 Mei 1950. Katikati ya miaka ya 1980 mzunguko ulikuwa na urefu wa kilomita 4.7 hivi, kona chache, za kasi sana. Mwaka 1991 ilibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na 2010 tena, kwa hiyo aliyejifunza Silverstone kwenye gemu za sasa atapotea.

Unaanza, unafika Copse, kona ya kulia ambayo ndiyo kaburi la wageni kwa sababu wanaifikia wakiwa bado wanashangilia kwamba gari limeondoka. Kisha Maggotts, Becketts na Chapel. Ukitoka Chapel unaingia barabara ndefu iliyonyooka ya Hangar, iliyopewa jina la mabanda ya ndege. Hapa ndipo utajua kama umetoka Chapel vizuri: aliyechelewa kurudisha mafuta pale kwenye kona anapitwa huku, mbali kabisa, na anadhani mwenzake ana injini kubwa. Mwisho wake ni Stowe, halafu Club, Abbey, na Woodcote inayokurudisha ulikoanzia.

Silverstone ni tambarare. Kwa anayejifunza hilo ni jambo jema, hata kama linapunguza mandhari.

Wale wapinzani wenye majina ya ajabu ni akina nani?

Magari ni 20 kwenye mbio, na majina ya madereva ni mizaha mitupu ya Kiingereza. Max Throttle ni mkanyaga mafuta mpaka mwisho. Hugh Jengine ukilitamka kwa haraka linakuwa "injini kubwa mno". Johnny Turbo hahitaji tafsiri. Miles Behind yuko maili kadhaa nyuma, Slim Chance ana bahati nyembamba, na Rick Shaw ni riksho, yaani kwetu tungemwita Bwana Bajaji. Nimewahi kupitwa na Bwana Bajaji mbele ya wageni. Sitaki kulizungumzia.

Viwango vya ugumu ni vitatu: wanaoanza, wa kati, na wa kulipwa. Wa mbele ni wepesi kuliko wa nyuma, kwa hiyo nafasi yako ya kuanzia ina uzito. Unazunguka kwanza kutafuta muda mzuri, na muda huo ndio unaokupanga kwenye mstari. Ukianza mwisho, mizunguko michache ya kwanza unapita watu kwa furaha, halafu unafika kwa wenye kazi yao na furaha inakwisha.

Jambo moja la heshima: kugusana na gari jingine si mzaha. Kwenye gemu nyingi unamsukuma mtu pembeni ukaendelea. Jaribu hapa uone.

Naweza kucheza na mwenzangu?

Ndiyo, kwa zamu. Mnashindana kwenye kompyuta moja, kila mtu anaendesha akifikiwa na zamu yake, na gemu inawapa pointi na kupanga msimamo. Mbio zinaweza kuwa za mizunguko 5, 10 au 20. Mkiwa wanne na mkachagua 20, andaeni chai.

Iliwezekanaje kuingiza yote haya kwenye kilobaiti 32?

Hapa ndipo ninapopapenda.

Kwanza, chipu ya 6502 haijui kuzidisha. Ina kujumlisha na kutoa, na kusogeza namba kushoto au kulia, basi. Kuzidisha na kugawanya lazima mwandishi aandike mwenyewe, hatua kwa hatua, na gemu inayokokotoa mwendo, mwelekeo na mshiko wa matairi inazidisha muda wote. Pale ilipowezekana, majibu yaliwekwa tayari kwenye majedwali, ili chipu isome badala ya kukokotoa.

Pili ni picha. Ile hali ya skrini iliyotumika ina rangi nne tu kwa wakati mmoja. Lakini ukitazama Revs unaona anga la buluu, majani ya kijani, lami nyeusi, mistari myeupe na nyekundu, na dashibodi chini. Siri ni kwamba rangi zinabadilishwa wakati kioo kikiwa katikati ya kuchorwa. Televisheni ya zamani inachora picha kwa mistari kutoka juu kwenda chini. Kipima muda ndani ya kompyuta kinahesabu, na mstari ukifika mahali fulani programu inakatiza kazi yake kwa kitambo kidogo, inabadilisha maana ya zile rangi nne, kisha inaendelea na kazi. Juu zina maana moja, chini zina maana nyingine.

Sasa angalia anga. Anga ni buluu tupu, halina kitu. Lakini kwenye kompyuta hii picha ya skrini inakaa ndani ya zile zile kilobaiti 32, na kila kipande cha anga kinakula kumbukumbu hata kama ni kitupu. Crammond alifanya nini? Kwenye sehemu ya juu ya kioo alizifanya rangi zote nne kuwa buluu. Ikiwa sifuri ni buluu, moja ni buluu, mbili ni buluu na tatu ni buluu, basi unaweza kuweka humo kitu chochote na macho hayataona. Akaweka humo sehemu ya programu ya gemu yenyewe. Ukiwa unaendesha kuelekea Stowe, ukitazama juu, ule ubuluu ni msimbo unaofanya kazi muda huo huo.

Nilipoelewa hili kwa mara ya kwanza niliusimamisha mchezo nikabaki nalitazama anga.

Nani aligundua siri hizo?

Crammond alizijua tangu mwanzo, bila shaka. Kwa sisi wengine, mtu wa kumshukuru ni Mark Moxon, aliyeichambua programu nzima na kuandika maelezo ya kila mstari, akayaweka wazi kwenye intaneti. Amefanya hivyo pia kwa Elite, gemu ya anga za juu iliyotolewa na Acornsoft mwaka 1984. Kama unajifunza kuandika programu, soma kazi yake hata kama hutaki kuendesha gari.

Kuna barabara nyingine zaidi ya Silverstone?

Zipo. Acornsoft ilitoa nyongeza yenye barabara nne: Brands Hatch, Donington Park, Oulton Park na Snetterton, zote za Uingereza. Zilihitaji uwe na gemu ya kwanza. Faili la barabara halibebi ramani pekee. Linakuja na vipande vya msimbo vinavyoirekebisha gemu yenyewe ili iweze kuichukua barabara hiyo.

Kama utajaribu moja, jaribu Brands Hatch ya Kent. Baada ya Silverstone tambarare, hapa kona ya kwanza, Paddock Hill, inateremka kama unaangushwa shimoni. Huoni unakokwenda mpaka umekwisha kwenda. Baadaye iliongezwa Nürburgring ya Ujerumani, pamoja na msaada wa usukani kwa wale wanaotumia kibodi. Wapo wanaouona msaada huo kuwa udanganyifu. Mimi nasema atumie anayetaka.

Toleo la Commodore 64 ni sawa na hili?

Lilitolewa na kampuni ya Firebird, likiwa na barabara zaidi ya moja. Commodore 64 ina rangi nyingi na sauti nzuri zaidi, ila chipu yake inakwenda karibu nusu ya kasi ya BBC Micro, na gemu hii inakula hesabu. Kama huna kumbukumbu za utotoni zinazokufunga kwenye Commodore, anza na ya BBC.

Nitaicheza wapi leo?

Huhitaji kutafuta kompyuta ya miaka arobaini. Emuleta zipo, yaani programu zinazoiga kompyuta ya zamani: BeebEm ni ya kusakinisha, JSBeeb inafanya kazi ndani ya kivinjari cha kompyuta ya kawaida. Diski ikishawekwa, shikilia SHIFT kisha ubonyeze BREAK, na kompyuta itajisomea yenyewe. BREAK kwenye kibodi za sasa haipo, kwa hiyo angalia emuleta yako imeiweka kwenye kitufe kipi, mara nyingi F12. Angalia na nukta-mkato, usije ukashindwa kukata kulia ukadhani gari limeharibika. Padi ya gemu yenye vijiti vya analogi itakufaa kuliko kibodi.

Kwenye simu sikushauri. Hakuna mahali pa kuweka vidole, na utaichukia bure.

Picha zinakatakata. Ni emuleta yangu?

Hapana, ndivyo ilivyo. Chipu inakokotoa mno, kwa hiyo picha ni chache kwa kila sekunde. Jicho linazoea. Usiiongezee emuleta kasi kuliko ya kompyuta halisi, maana na magari yatakwenda kasi hiyo, na hapo hata Bwana Bajaji hutamwona vumbi.

Crammond aliendelea na nini?

Mwaka 1986 aliandika The Sentinel, ambayo haina gari wala ndege na ni moja ya gemu za ajabu kuliko zote za wakati wake. Mwaka 1989 ikaja Stunt Car Racer, mbio kwenye barabara zilizoinuliwa hewani kama reli za bembea. Halafu akarudi kwenye kazi aliyoianza: Formula One Grand Prix iliyotolewa na MicroProse mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Grand Prix 2 mwaka 1996, ya tatu 2000, na ya nne 2002. Aliyecheza Grand Prix 2 kwenye PC atakuta kwenye Revs mambo mengi anayoyafahamu, kuanzia mabawa ya kupanga kwa namba mpaka ule ukali wa kutokusamehe mguu mzito.

Mwanangu amezoea gemu za PlayStation. Ataipenda?

Mara ya kwanza atacheka picha. Mwache acheke. Usimweleze historia, usimtajie kilobaiti. Mweke kwenye mazoezi, mwambie amalize mzunguko mmoja bila kutoka nje ya lami, kisha nenda ukapike. Wangu alikuwa kimya muda mrefu, nikasikia tairi likilia, halafu kimya tena, halafu akaniita jikoni akiniuliza ni gia gani naingia nayo Becketts. Mimi hutumia ya tatu. Yeye alisema ya nne inatosha, na muda wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.